Kamera Haipigi Goti

Pale Masieda, ukimkuta mzee Tadei amekaa mbele ya nyumba yake anachambua maharage, ukamsalimia vizuri, atakutajia watoto wake hata kama hukumuuliza. Wa kwanza ni mwalimu, yuko Babati. Wa pili ni nesi, amepangiwa Simanjiro. Wa tatu analima hapa hapa, na vitunguu saumu vyake havina mwenzake kijiji kizima. Kisha, kwa miaka mingi, alikuwa akikohoa kidogo, akipepeta ungo, na kusema, "Na yule wa mwisho, Odilia, bado anatafuta kazi."

Mzee alianza kusema hivyo Odilia akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na watu wakamwonea huruma. Akaendelea kusema hivyo hivyo Odilia alipovuka thelathini, wakati alikuwa ameshapiga picha za filamu Kigoma, Mtwara, Unguja na hata Nairobi, na hapo watu wakaanza kutazamana. Maana sisi wa huku tuna simu kama watu wengine, na tumeona. Jina lake linapita pale mwisho wa filamu, wakati wenye haraka wameshazima, limeandikwa wazi kabisa: kamera, Odilia Tadei. Lakini nani atamwambia mzee Tadei, katekista aliyefundisha nusu ya kijiji amri kumi za Mungu kwamba katika hili amepotoka?

Huyu Odilia ndiye tunayemsimulia, na tuseme mapema kwamba tunamsimulia kwa kujivuna. Asiyependa majivuno ya watu wa Mbulu aendelee na safari yake.

Alimaliza kidato cha nne akapata matokeo ya namna ile isiyokufukuza wala kukuita. Shangazi yake alikuwa akiuza vitenge sokoni Katesh, akamwita aje amsaidie. Jirani na kibanda cha shangazi palikuwa na studio ya picha ya Idd, mtu wa Kondoa aliyekuja Katesh kwa mwezi mmoja akasahau kurudi. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mapazia mawili: la bluu kwa picha za pasipoti, na lile lenye mchoro wa maporomoko ya maji kwa wachumba. Odilia alipenda kusimama mlangoni pa chumba hicho kila vitenge vilipokosa wateja.

"Wewe binti, kila siku unatazama nini?" Idd alimuuliza siku moja.

"Shikamoo. Natazama unavyomgeuza mtu kabla hujampiga picha."

"Marahaba. Na umeona ni kwa nini namgeuza?"

"Ili mwanga wa dirishani usimwangukie wote shavu moja."

Idd aliweka chini kikombe chake cha chai, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akamwambia aje kesho asubuhi na ufagio.

Kufagia kulichukua muda mrefu kuliko Odilia alivyotarajia. Katesh ina upepo unaoteremka mlimani na kuleta vumbi hadi ndani ya sahani, na Idd aliamini kwamba mtu asiyejua kupambana na vumbi hana haki ya kushika lenzi. Baada ya ufagio kikaja kitambaa cha kufutia vioo. Baada ya kitambaa zikaja picha za pasipoti za wanafunzi, walimu wapya na wazee wanaotaka vitambulisho. Kamera ya video ilikaa kabatini imefungwa kwa shati kuukuu la Idd, nayo Odilia aliitamani kama mtoto anavyotamani nyama ya mgeni.

Ikafika Jumamosi moja baada ya mavuno, Idd akajikuta na harusi mbili. Ya Katesh akaenda mwenyewe. Ya Gehandu akampa Odilia, pamoja na ile kamera na maagizo mengi kuhusu betri. Harusi ya Gehandu ilikuwa ya wafugaji wakubwa. Wazee walikuja kutoka tambarare nzima ya Hanang, mashuka mabegani, fimbo mkononi, na kila mmoja alitaka aonekane, maana kwetu mtu asipoonekana kwenye video ya harusi ni kama hakuja.

Tatizo la Odilia lilikuwa malezi mazuri. Nyumbani kwa katekista Tadei, mtoto wa kike humwamkia mtu mzima kwa kupiga goti, na haijalishi amebeba nini. Awe na ndoo ya maji, awe na mzigo wa kuni, awe na mdogo wake mgongoni, atashuka, atasema shikamoo, atangoja marahaba, ndipo ainuke. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kamera ni mzigo wa aina nyingine.

Wenye harusi walipokuja studio wiki iliyofuata kutazama video yao, waliona mambo. Mzee anaingia kwenye turubai, mrefu, amejitengeneza, sura iko pale. Ghafla picha inaporomoka hadi magotini pake na sauti ya msichana inasema, "Shikamoo." Kutoka juu, mahali pasipoonekana, mzee anajibu, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Picha inapanda. Anaingia mzee wa pili, picha inaporomoka tena. Foleni nzima ya zawadi ikaenda hivyo, watu wakaona katambuga za matairi, ncha za fimbo na pindo za mashuka. Bibi harusi anafungua mdomo alishwe keki, picha inazama, kwa sababu mama mkwe amepita.

Baba wa bwana harusi alitazama mpaka pale kwenye keki. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaomba maji.

"Huyu mtoto ana adabu," alisema akifuta macho. "Lakini uso wangu uko wapi?"

Idd hakucheka. Wageni walipoondoka alimkalisha Odilia mbele ya pazia la bluu.

"Binti, adabu yako naiheshimu. Lakini kamera haipigi goti. Ukiwa nyuma yake, wewe hupo. Na mtu asiyekuwepo hamwamkii mtu."

Maneno hayo Odilia aliyashika kama alivyokuwa ameshika katekisimu. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana muda si mrefu parokia ya kwao ikafanya jubilei, na paroko akataka picha zipigwe na mtoto wa nyumbani. Odilia akaja Masieda na kamera. Akasimama mlangoni mwa kanisa wima kama nguzo, akawachukua wazee wote walivyokuwa wakiingia, nyuso safi, mwanga mzuri, hakuna kutikisika. Walipita waliompokea duniani, waliombeba, waliomnyoa nywele za utotoni. Hakumwamkia hata mmoja. Alipanga kuwaamkia wakati wa chakula, lakini mpaka amalize kukunja nyaya zake, wazee walikuwa wameshaondoka.

Kabla hajafika nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," walikuwa wamemwambia Tadei, kwa ile sauti ya upole ambayo huuma kuliko matusi. Alimkuta baba yake amesimama uani.

"Odilia, wazee wamepita mbele yako kama miti."

"Baba, nilikuwa kazini."

"Kazi?" Tadei alilisema neno hilo polepole. "Daktari akiwa kazini anasalimia. Mwalimu anasalimia. Askofu mwenyewe anasalimia. Kazi inayomkataza mtu kuwaamkia wazazi wake siyo kazi. Wewe bado unatafuta. Siku ukiipata uje uniambie."

Ndivyo msemo ule ulivyozaliwa. Watu wengine hukasirika wakasahau. Tadei hakuwa amekasirika, alikuwa ameamua, na uamuzi wa katekista hauchakai haraka. Tangu siku hiyo Odilia alitaka kitu kimoja kuliko vyote: baba yake aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba binti yake ana kazi.

Aliondoka Katesh kwa baraka za Idd akaenda Arusha, kwenye kundi lililokuwa likitengeneza matangazo ya utalii na tamthilia. Walimpa masanduku ya betri abebe. Baadhi ya wanaume pale walimwambia kwa huruma ya uongo kwamba kamera ni nzito kwa mwanamke, naye hakubishana nao, akabeba. Mtu aliyepandisha ndoo ya maji kutoka bondeni Masieda tangu darasa la pili hatishwi na sanduku lenye mpini. Baadaye akafanywa mtu wa fokasi, yule anayesimama pembeni ya kamera na kuzungusha lenzi ili uso wa mchezaji usizame kwenye ukungu. Ni kazi isiyo na shukrani hata kidogo. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo, na ukikosea, kila mtu anajua jina lako. Aliifanya miaka, mpaka ikawa anaweza kutaja umbali kati ya lenzi na pua ya mtu bila kupima.

Halafu siku moja mshika kamera aliugua wakati wachezaji wameshavaa, wakampa yeye. Shoti, yaani kipande cha picha kinachochukuliwa kwa mkupuo mmoja, ilikuwa ya kutembea nyuma ya mchezaji kwenye ngazi. Odilia akaweka kamera begani, akalegeza magoti kidogo, akapanda kama apandavyo mtu mwenye maji kichwani asiyetaka hata tone limwagike. Picha ikateleza. Waliokuwa wakitazama kioo, ile skrini ndogo inayoonyesha anachoona mshika kamera, wakasogea karibu. Kuanzia hapo, kila palipokuwa na shoti ya kutembea, jina lililotajwa lilikuwa moja, na lilitajwa kutoka Arusha hadi Dar es Salaam. Wembamba wa yule mwanamke na uthabiti wa ile picha vilikuwa havipatani machoni pa watu, na sisi tuliomjua tulikuwa tukicheka tu.

Kila Krismasi alirudi Masieda bila kamera, akawaamkia watu nyumba kwa nyumba mpaka ya mwisho, goti chini. Wazee walishamsamehe zamani. Tadei naye hakuwa na kinyongo, alimchinjia kuku kama kawaida. Mwaka mmoja Odilia alimwonyesha filamu kwenye simu, ile ya Kigoma, ambayo yeye aliipenda kuliko zote. Mzee alivaa miwani, akatazama mwanzo hadi mwisho.

"Wamecheza vizuri," alisema. "Wewe uko wapi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa natazama, baba."

"Hata mimi nimetazama," alijibu Tadei, akamrudishia simu yake.

Sasa tufike kwenye filamu ya Benedict. Benedict ni mwongozaji wa Dar es Salaam, kijana mstaarabu, msikivu, mwenye kofia asiyoivua. Alikuwa na hadithi ya binti anayeolewa mbali na wazazi wanaobaki, naye alimtaka Odilia awe mkuu wa kamera, yule ambaye wenye kazi yao humwita diopii. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa cheo hicho. Walizunguka wiki nzima kutafuta mahali, Babati, Katesh, mpaka Odilia, bila kumwambia lolote kuhusu baba yake, akampeleka Masieda kwenye uwanja wa mzee Qamara. Pale nyumba inatazama magharibi, jua la jioni linaingia uani lote, na kutoka mlangoni hadi langoni kuna mteremko mdogo mzuri. Benedict aliangalia mara moja tu akasema ndiyo hapa.

Filamu ilipaswa kuanza na shoti moja ndefu isiyokatwa. Bibi harusi anatoka mlangoni, anapita kati ya wazee waliokaa safu mbili, anaelekea langoni kwenye gari. Kamera inatoka naye, inampita, inatembea juu ya nyuso za wazee mmoja mmoja wakimtazama mtoto wao anaondoka, kisha inamngoja langoni. Wazee walitakiwa wawe wazee kweli, siyo waigizaji. Mwenyekiti wa kijiji akawaita, na Tadei akaja pia, maana huwezi kukataa mwito wa jirani. Alikaa mwisho wa safu, karibu na lango, amevaa koti lake la kanisani.

Mchana walifanya jaribio. Odilia alitaka kuona shoti kwenye kioo, kwa hiyo kamera akampa msaidizi wake Cyprian, kijana wa Moshi, aipitishe. Ikaenda vizuri kabisa. Wazee walimtazama bibi harusi kwa huzuni ya kweli, mmoja hata alifuta jicho.

Jua lilipoanza kulainika Odilia akabeba kamera mwenyewe. "Ekshen," akasema Benedict. Bibi harusi akatoka, Odilia akampita, lenzi ikafika kwa mzee wa kwanza, na mzee wa kwanza akamtazama Odilia. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu akasogeza kidevu mbele, kama mtu anayengoja kitu alichozoea kupewa. Wa nne akachoka kungoja, akajibu kabisa, "Marahaba." Bibi harusi akapita akilia peke yake, hakuna mzazi aliyemwangalia.

Walirudia. Benedict akawaeleza wazee kwa heshima kwamba wamtazame bibi harusi. Wakakubali kwa dhati, wakatingisha vichwa. Kamera ilipofika, macho yakarudi kwa Odilia. Haikuwa ukaidi. Cyprian alikuwa mgeni, na mgeni akipita kimya husamehewa, hajui. Lakini huyu ni binti wa Tadei. Mtoto wa kijiji anapita mbele ya wazee wake karibu hivyo, hatua kwa hatua, na hatoi salamu. Shingo ya mzee inageuka yenyewe.

Baada ya mara ya tatu Benedict alimvuta Odilia kando. Jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili juu ya kilima, na kesho yake bibi harusi alikuwa anarudi Dar es Salaam.

"Dada Odi, sina maneno mengi. Akibeba Cyprian wanacheza vizuri. Ukibeba wewe wanakutazama. Kwa shoti hii tu, mpe Cyprian. Wewe ukae kwenye kioo."

Lilikuwa shauri la haki, na hilo ndilo lililouma. Odilia aliangalia mwisho wa safu. Baba yake alikuwa ametulia, mikono juu ya fimbo, anaona kila kitu. Angeona binti yake akivuliwa kamera begani na kupewa kijana wa Moshi, uwanjani kwa Qamara, mbele ya kijiji kizima. Baada ya hapo hata Odilia mwenyewe asingekuwa na la kumbishia.

"Nipe mara moja tu," alisema. "Ikishindikana, nampa Cyprian kwa mkono wangu."

"Jua, Odi."

"Naliona."

Akaweka kamera kwenye stendi yake. Akamwomba mke wa Qamara kitenge, akakifunga juu ya suruali yake ya kazi yenye mifuko mingi. Kisha akaenda kwa mzee wa kwanza wa safu ya kwanza, akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti wa Tadei. Ndiyo umekuja?"

"Nimekuja. Habari za nyumbani?"

"Njema. Na huko mliko?"

Hakuharakisha. Salamu ya kuharakisha ni mbaya kuliko ya kukosa. Alishuka kwa kila mmoja, akauliza mahindi, akauliza ng'ombe, akauliza mguu ule uliokuwa unasumbua tangu Pasaka. Mzee Qamara akamuuliza habari za ndoa. Akajibu ipo mikononi mwa Mungu, naye Qamara akamwambia kwamba Mungu hajifichi, ni yeye ndiye hakai nyumbani. Wazee wakacheka. Kule kwenye kioo Benedict alifungua mdomo mara mbili kutaja jua, na mara zote mbili akaufunga. Tunampongeza kwa hilo.

Wa mwisho alikuwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Tadei.

Odilia akasimama katikati ya uwanja, akawasemesha kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani, wasikie vizuri. "Wazee wangu, nimewaamkia wote, sijamruka mtu. Naomba ruhusa yenu. Nikipita tena na ile kamera, salamu yangu ni hii hii, haijaisha. Ninyi mtazameni mtoto, anaondoka kwao."

"Sasa umesema," alijibu Qamara. "Tangu mchana tulikuwa tunangoja hilo tu."

Kitenge kikarudi kwa mwenyewe. Kamera ikarudi begani. Jua lilikuwa limegusa kilima, na uwanja wote ulikuwa na rangi ya asali ya nyuki wadogo. Mara ya pili isingekuwepo.

"Ekshen."

Bibi harusi akatoka. Odilia akatoka naye, magoti yamelegea, pumzi nusu. Akampita. Mzee wa kwanza alikuwa anamtazama bibi harusi, wa pili pia, na wa tatu midomo ilikuwa ikimtetemeka, maana aliozesha binti yake mwaka jana. Sura baada ya sura zilipita kwenye lenzi, na hakuna hata jicho moja lililomtafuta mshika kamera. Odilia alijua, kwa namna mtu anavyojua uji umeiva, kwamba hii ndiyo.

Ndipo akamwona Nicodemo.

Mzee Nicodemo alikuwa amekwenda kunywesha ng'ombe wake, akachelewa. Wakati bibi harusi anatoka mlangoni, yeye aliingia kwa lango dogo la zizi, akaona kigoda kitupu karibu na Tadei, akakaa. Hakuwa ameamkiwa. Hakuwa amesikia ruhusa yoyote. Alichoona ni binti wa Tadei anakuja moja kwa moja usoni pake na mtambo begani, kimya, kama siku ile ya jubilei.

Odilia hakuweza kusimama wala kugeuka. Kwenye lenzi aliona Nicodemo anainua fimbo, kidole kinanyooka, mdomo unafunguka. Hapo mkono ukatokea pembeni ya picha, mkono uliovikwa koti la kanisani, ukatua juu ya goti la Nicodemo. Tadei hakumgeukia mwenzake. Macho yake yalikuwa kwa bibi harusi, kama alivyoagizwa. Akasema maneno machache ya Kiiraqw, kwa sauti ya chini. Nicodemo akafunga mdomo, akashusha fimbo, naye akageuka kumtazama mtoto anayeondoka.

Odilia akapita. Hatua zilizobaki mpaka langoni alizitembea bila kuona chochote, jicho lake lilikuwa limejaa maji, lakini mabega yalijua kazi yao na picha haikutikisika.

"Kata," alisema Benedict, taratibu.

Waliirudisha kwenye kioo wakaitazama wote. Ilikuwa nzuri kuliko walivyoiandika. Mwisho wa safu, mzee mmoja anataka kupinga, mwingine anamzuia kwa mkono gotini, na wote wawili wanamwachia mtoto aende.

"Hawa wazee uliwaelekeza saa ngapi?" Benedict aliuliza.

"Sikuwaelekeza."

"Na yule mwenye koti, anasema nini pale?" Alimpa vifaa vya masikioni. "Sauti imeingia safi sana."

Odilia alikuwa ameshayasikia maneno yale, ana kwa ana. Hata hivyo alivaa akayasikiliza tena, na akaomba yarudishwe mara nyingine.

"Anasema, 'Mwache apite. Yuko kazini.'"

"Bibi harusi yuko kazini?" Benedict alikunja uso. "Hapo haiendani na hadithi. Basi tunabaki na picha, sauti tunaifuta."

"Usiifute."

"Odi, watazamaji wanaojua Kiiraqw watashangaa."

"Waache washangae. Haimhusu bibi harusi, ananisema mimi. Yule ni baba yangu."

Benedict alimtazama, akamtazama na yule mzee mwenye koti, na tunadhani ndiyo siku pekee aliyoivua ile kofia. Akamwambia mtu wa sauti kwamba maneno yale yanabaki kama yalivyo.

Odilia akaenda kwa Nicodemo, akapiga goti vumbini, suruali na vyote, akamlipa deni lake la shikamoo. Nicodemo akaitikia marahaba ndefu, kisha akamgeukia Tadei kwa sauti ya kusikika na wote.

"Tadei, miaka yote hii unatuambia mtoto anatafuta kazi. Kumbe alishaipata, ukatudanganya?"

Wazee wakasogeza vigoda wasikie katekista atajibu nini. Tadei alisimama, akajikung'uta koti.

"Mimi husema nilichokiona," alisema. "Leo nimeiona."

Akabeba kiti chake akaenda nacho nyumbani, na njiani kila aliyemuuliza habari za wageni wa Dar es Salaam, yeye alimpa habari za binti yake.